Je, Wajua? Chumba cha zamani, hela kidogo: maajabu ya kuta, sakafu na mabati kutoka Shinyanga hadi Geita

Mwaka 2022 Tanzania ilipohesabu watu wake, ilihesabu na majengo kwa mara ya kwanza, yakapatikana zaidi ya milioni 14. Mkoa wa Geita ulikutwa na watu 2,977,608 na Shinyanga 2,241,299, na wengi wao wanalala kwenye vyumba vilivyokwisha kuona masika mengi: lipu inabanduka, sakafu ina mashimo, bati linavuja pembeni. Kukarabati kunaogopwa kwa sababu ya gharama. Lakini nimesoma na kuuliza sana juu ya jambo hili, na kila ninapogeuka nakuta kitu cha kushangaza ambacho hakigharimu chochote kukijua, na kinachookoa hela ukikijua mapema. Tuanzie ardhini, tupande taratibu hadi kwenye paa.

Gramu 56 zinatosha kukivika chumba dhahabu

Maadamu tuko Geita, dhahabu itangulie. Dhahabu ikifuliwa kuwa karatasi ya mapambo hufikia unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo karibu mara 700. Chukua chumba cha kawaida, mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7. Ukitoa mlango na dirisha, kuta zinabaki na eneo la mita za mraba 29 hivi, na gramu 56 za dhahabu zinazifunika zote. Mwaka 2020 mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti ulitoa zaidi ya wakia 600,000. Dhahabu hiyo ya mwaka mmoja ingepamba vyumba zaidi ya 300,000.

Na ile rangi ya dhahabu inayouzwa kwenye kopo dukani? Kwa kawaida haina hata chembe ya dhahabu. Ni unga wa shaba iliyochanganywa na zinki, au unga wa maika.

Mawe ya msingi wako ni ya kale kuliko samaki, miti na ndege wote

Majabali ya matale yaliyotapakaa kutoka Mwanza hadi Shinyanga yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipoganda, duniani hapakuwa na mnyama wala mmea. Viumbe vilivyokuwapo vilikuwa vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kokoto zilizo kwenye jamvi la nyumba yako ni miongoni mwa vitu vikongwe kabisa utakavyovishika mkononi. Mwamba wa almasi wa Mwadui, ambako John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alianza kuchimba mwaka 1940, ni kijana mbele yao: ulipenya kutoka chini miaka kama milioni 50 tu iliyopita.

Wapasuaji kokoto wa Kanda ya Ziwa hukoka moto juu ya jabali, na jabali likipata joto hupasuka. Siri yake ni chembe za kwatzi zilizomo ndani, ambazo hutanuka kadiri zinavyopata joto na zikifika nyuzi 573 za Selsiasi hubadili umbo lake kwa ghafla. Ndiyo maana jiwe lililopita motoni lisibebeshwe msingi kabla hujaligonga na nyundo na kuusikiliza mlio. Mlio wa wazi, jiwe zima. Mlio mzito na mfu, lina nyufa ndani.

Wakulima wa Kisukuma waliupanga udongo wao kitambo, wanasayansi wakafuata

Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Usambara, alizunguka Tanganyika, Usukuma ikiwemo, akaona kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio ule ule kila unaposhuka kutoka kilimani hadi bondeni. Mpangilio huo aliuita katena, na hadi leo unafundishwa vyuo vikuu duniani kote. Wenyeji walikuwa na majina ya kila hatua ya mteremko huo tangu zamani: luseni, mchanga wa juu, kikungu, udongo mwekundu, itogolo, ule mgumu wa katikati, na mbuga, udongo mweusi wa chini.

Kwa mwenye chumba cha zamani, hatua hizo ndizo zinazoamua kama nyufa zitarudi. Udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba, na kiangazi hunywea hadi ardhi ikaachia nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, na ukuta hukatika kwa mshazari kutoka kona ya dirisha. Ukiziba ufa huo kwa simenti ngumu mwezi wa nane, mwezi wa kwanza utaukuta pale pale au hatua moja pembeni.

Kabla ya kununua chochote, chukua kalamu ya risasi. Weka alama mwanzo na mwisho wa ufa, andika tarehe ukutani, kisha subiri masika yapite. Ufa usioongezeka umemaliza kazi yake. Uzibe kwa amani. Ufa unaotembea hautulizwi na lipu. Unatulizwa na maji kuondolewa karibu na msingi, kwa mtaro, kwa gata, kwa kumwaga maji ya kufulia mbali na ukuta. Mtaro ni jembe na asubuhi moja, na kwa maoni yangu ndiyo shughuli ya ukarabati inayodharauliwa kuliko zote.

Kichuguu kilikuwa mtafiti wa madini kabla ya wanajiolojia

Mchwa huchimba mita kadhaa kwenda chini kutafuta unyevu, na hupandisha udongo laini kutoka huko hadi juu ya kichuguu. Pamoja na udongo huo hupanda chembe za madini. Watafuta dhahabu nchini Zimbabwe na Afrika Magharibi wamekuwa wakichukua sampuli za vichuguu kwa miongo mingi, na mwaka 2012 watafiti wa CSIRO wa Australia walionyesha kwamba vichuguu vilivyo juu ya mwamba wa dhahabu vina dhahabu nyingi kuliko vilivyo mbali nao.

Udongo huo huo ndio mafundi wa vijijini wanaoupenda kwa kufyatulia tofali, kukandika ukuta na kusawazisha sakafu, maana ni laini, unashikana na hauna mawe. Ila si kila kichuguu kina udongo wa kufaa. Jaribu hivi: chukua udongo wenye unyevu, uviringishe uwe kamba yenye unene wa kidole gumba, kisha isukume taratibu ivuke ukingo wa meza mpaka ikatike yenyewe. Kipande kikianguka kabla ya kufika sentimita 5, mchanga umezidi. Kikivuka sentimita 15 kabla ya kukatika, mfinyanzi umezidi na ukuta utapasuka ukikauka, ongeza mchanga. Katikati ya hapo, anza kazi.

Mavi ya ng'ombe yamepita maabara na yamefaulu

Mwaka 2016 watafiti wa Burkina Faso na Ufaransa walichapisha vipimo vya tofali za udongo zilizochanganywa na mavi ya ng'ombe. Tofali hizo zilistahimili maji vizuri kuliko zisizochanganywa, kwa sababu mavi hukutana na madini ya udongo yakatengeneza gundi isiyoyeyuka, na nyuzi za majani zilizomo huzuia nyufa. Bibi zetu wa Usukuma waliosiriba kuta na sakafu kwa mchanganyiko huu walikuwa wanafanya kemia ya kweli. Na Usukuma yenye ng'ombe wengi hivi haijawahi kukosa malighafi.

Anayeona haya kwa nyumba ya udongo na autazame msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali. Ndilo jengo kubwa kuliko yote ya udongo duniani, lililosimama hapo lilipo sasa tangu 1907, na wananchi wa mji huo hulisiriba upya kila mwaka kwa mikono yao.

Chokaa huvuta pumzi hadi igeuke jiwe

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, ambayo hupaa ikiwa hewa ya kaboni. Kinachobaki kinazimwa kwa maji, kinakuwa unga mweupe, kinafungwa kwenye mfuko, kinafika dukani Kahama au Katoro. Ukikipaka ukutani, huanza kunyonya hewa ile ile ya kaboni kutoka chumbani, siku baada ya siku, mpaka kirudi kuwa jiwe. Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani ilijengwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake bado zipo.

Chokaa mbichi ya majimaji ni kali sana, na kuvu haioti juu yake. Ndiyo sababu chumba chenye harufu ya uvundo kikipakwa chokaa harufu hutulia. Lakini inataka adabu. Ikoroge iwe nyepesi, ichuje kwa kitambaa, uloweshe ukuta kwanza, halafu upake kwa brashi pana. Mara ya kwanza utadhani umepaka maji tu: ukuta unaonekana vile vile ulivyokuwa. Usiongeze. Subiri ikauke, na weupe utajitokeza wenyewe. Mipako mitatu au minne myembamba inadumu. Mmoja mzito utamwagika unga kwenye mashati ya watoto. Na linda macho, kwa sababu tone moja la chokaa jichoni linaunguza kweli.

Simenti haikauki

Watu husema "lipu imekauka", lakini simenti huwa ngumu kwa kuyala maji, si kwa kuyapoteza. Maji hushikana na unga wake na kuzaa fuwele mpya. Kwa sababu hiyo simenti huwa ngumu hata ikiwa imezama ziwani. Lipu iliyoachwa kwenye jua la Shinyanga bila kumwagiliwa hunyang'anywa maji yake kabla haijashiba. Baada ya hapo ni ganda: ukiligusa kwa kucha linatoa unga.

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, na dawa yake ni dumu la maji. Loweka tofali kabla ya kupiga lipu, kisha mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Rangi isubiri wiki nne. Najua wiki nne ni nyingi mtu akiwa amelundika vyombo vyake kwa jirani, lakini rangi ikipakwa juu ya lipu mbichi itavimba malengelenge na utanunua kopo la pili.

Ukuta huliwa na chumvi kuanzia chini

Umeona jinsi nyumba nyingi za tofali za kuchoma zinavyomong'onyoka sentimita 50 au 60 za chini, huku juu pako salama? Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi iliyoyeyuka. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi inabaki, inaota fuwele ndani ya vitundu vya tofali, na fuwele hizo zinapokua zinapasua tofali kutoka ndani.

Wengi wetu hukimbilia lipu ngumu ya simenti. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na baada ya mwaka mmoja au miwili ukuta unalika kuanzia pale lipu mpya ilipoishia. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole: penye mlio mtupu, lipu imeshaachia na inajishikiza kwa rangi tu. Bandua hapo, sugua chumvi kwa brashi kavu, uiondoe kabisa chumbani, kisha rudishia kwa lipu laini ya chokaa na mchanga inayopitisha unyevu. Na tena, ule mtaro wa nje.

Kuta za chumba huweza kutunza zebaki kwa miaka

Hapa naomba usome taratibu. Katika machimbo madogo, dhahabu hunaswa kwa zebaki, na donge linalopatikana huwa na zebaki karibu nusu ya uzito wake. Likichomwa, zebaki hupaa. Haipotei: mvuke hupoa na kutua kwenye kuta, kwenye kenchi, kwenye vumbi la sakafu, na kutoka hapo huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo hata kwenye joto la kawaida la chumba, bila rangi wala harufu. Mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulifanya uchunguzi wake Tanzania katika machimbo ya Rwamagasa, wilayani Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hatari ya kuchoma dhahabu karibu na makazi ndiyo iliyokuwa kiini cha kazi ile.

Kwa hiyo unaponunua au kupanga chumba cha zamani karibu na machimbo, uliza swali moja kabla ya kuuliza bei ya rangi: je, humu kuliwahi kuchomwa dhahabu? Jibu likiwa ndiyo, usifagie kikavu na usipige msasa. Fungua madirisha kwa siku kadhaa, watoto na wajawazito wakae mbali, na ushauri utafutwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Lipu na tabaka la juu la sakafu ya udongo huenda vikalazimika kutolewa vikiwa vimelowa, na visimwagwe shambani wala kisimani. Zebaki huathiri ubongo wa mtoto na figo za mtu mzima. Hakuna rangi ya ukutani inayoizuia.

Kuna nyumba Uingereza zilizoliwa na mabaki ya mgodi

Katika jimbo la Cornwall, lenye historia ndefu ya migodi ya bati na shaba, nyumba nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilijengwa kwa zege lililochanganywa na mabaki ya mgodi, kwa kuwa yalikuwa ya bure. Ndani yake mlikuwa na madini ya salfa. Hewa na unyevu vikayageuza kuwa asidi, na asidi ikaila simenti taratibu. Mpaka leo benki za huko hutaka zege la nyumba hizo lipimwe maabara kabla ya kutoa mkopo.

Geita nako marudio ya mwaloni, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa dhahabu, ni laini, yameshasagwa, yamelundikana, na yanamtamanisha mtu anayetafuta mchanga wa lipu. Miamba ya dhahabu ya ukanda huu nayo ina salfa, na marudio mengi yamepitia zebaki. Nunua mchanga wa mtoni, hata kama ni toroli mbili tu kwa mwezi.

Kopo la rangi lina kipimo chake: lita 6

Lita moja ya rangi ya maji hupaka mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja. Kile chumba chetu cha mita za mraba 29 kwa mikono miwili kinataka lita 6 hivi, sawa na galoni moja na nusu. Usikubali kuuziwa ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja.

Rangi nyeupe hurudisha asilimia 80 hivi ya mwanga unaoiangukia, wakati ukuta mtupu wa udongo mwekundu huenda usifikishe 30. Kama bajeti inatosha ukuta mmoja tu mwaka huu, paka ule unaotazamana na dirisha.

Na rangi ya mafuta ya zamani kwenye milango na fremu inaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kipimo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi mpya ni sehemu 90 tu katika milioni. Iloweshe kabla ya kuikwangua, na ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Sakafu ya simenti iliwahi kupunguza minyoo kwa asilimia 78

Kuanzia mwaka 2000 serikali ya jimbo la Coahuila, Meksiko, iliwapa wenye sakafu za udongo zege la kutosha mita za mraba 50, wao wakatoa nguvu kazi. Watafiti walipolinganisha familia, walikuta kwamba nyumba iliyobadilisha sakafu yote ilikuwa na minyoo na vimelea pungufu kwa asilimia 78 kwa watoto, kuhara pungufu kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama nao walisema wana furaha zaidi na msongo pungufu. Ni sakafu tu iliyobadilika!

Asiye na hela ya zege ana habari nyingine nzuri kutoka Rwanda. Shirika la EarthEnable linatengeneza sakafu za moramu, mchanga na mfinyanzi zilizoshindiliwa sana, halafu zikafungwa kwa mafuta ya mbegu za kitani yanayoganda yakawa ngozi ngumu. Sakafu hiyo inapigwa deki, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na zege.

Dari ya neti hufanya kazi ya daktari

Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mbu wengi wa malaria huingia kupitia ule uwazi kati ya ukuta na bati, ambao mafundi huuacha ili hewa ipite. Katika utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2009, nyumba zilizowekewa wavu kwenye milango, madirisha na uwazi huo zilipata mbu pungufu kwa asilimia 59. Zilizofungwa dari ya wavu peke yake zilipata pungufu kwa asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 katika nyumba zisizoguswa, na 12 katika zilizorekebishwa.

Wavu hupitisha hewa, basi joto haliongezeki sana. Ukichagua jipsamu, ujue unaning'iniza maji juu ya kitanda: katika kila kilo 10 za jipsamu kuna zaidi ya lita 2 za maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake. Moto ukizuka, maji hayo hutoka kwanza yakiwa mvuke na kuuchelewesha moto kufika kwenye kenchi. Lakini bati likivuja, jipsamu hulainika na kuanguka. Kwa hiyo paa kwanza, dari baadaye.

Kenchi zako huenda zimetoka kwenye msitu uliofufuka

Shinyanga ilikatwa miti kwa sababu nyingi, mojawapo mbung'o: wakati wa ukoloni utafiti wa mdudu huyo ulikuwa na makao yake Old Shinyanga, na vichaka vilifyekwa ili asipate pa kukaa. Pamba na mifugo vikaongezea. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulirudi kwenye desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani kufunga kipande cha malisho kipumzike na kuota. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mwanzoni zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na zinatoa fito, nguzo, kuni na dawa.

Tanuru moja la tofali hula kuni nyingi, na kila ukuta wa zamani unaokarabatiwa badala ya kubomolewa ni tanuru ambalo halikuwashwa. Anayehitaji tofali mpya aulize kuhusu tofali za kupachanisha zinazoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA: udongo na simenti kidogo vinashindiliwa kwenye mashine, vinamwagiliwa, havichomwi.

Namba kubwa ya geji ni bati jembamba

Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la 30, na la 30 ni jembamba kuliko la 28. Wanunuzi wengi hudhani kinyume. Migongo ya bati iliyobuniwa na mhandisi Henry Robinson Palmer wa London, aliyepata hataza yake mwaka 1829, ndiyo inayoipa karatasi hiyo nyembamba nguvu ya kubeba fundi. Na msumari upigwe juu ya mgongo, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita.

Chupa ya soda huwasha taa mchana kutwa

Mwaka 2002, wakati umeme ulipokuwa wa shida nchini Brazil, fundi makanika Alfredo Moser wa mji wa Uberaba alijaza maji kwenye chupa ya plastiki ya lita 2, akaongeza vifuniko viwili vya dawa ya klorini ili maji yasiote ukijani, akaipachika kwenye tundu la bati, nusu nje na nusu ndani. Maji hupinda mwanga wa jua na kuutawanya chumba kizima, kwa nguvu ya balbu ya wati 40 hadi 60. Ubunifu wake ulisambaa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Kwa chumba cha katikati kisicho na dirisha, kama vile vya korido ya nyumba za vyumba sita, sijaona kitu cha bei nafuu kinachokaribia hiki. Kazi yote iko kwenye kuziba pembeni: tundu likatwe dogo kidogo kuliko chupa, na gundi ya kuzuia maji iwekwe juu na chini.

Paa lako hupokea maelfu ya madumu kila mwaka

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita 6 kwa 8, katika mwaka wa mvua ya milimita 700, hupokea lita 33,600. Toa sehemu ya tano inayopotea. Zinabaki lita za kujaza madumu zaidi ya 1,300. Kule Bermuda, kisiwani kusiko na mto wala ziwa la maji baridi, mapaa hupakwa rangi nyeupe na sheria inazitaka nyumba zikinge maji yake.

Nyumba isiyo na gata huyaachia maji hayo yote yadondoke kwenye mstari mmoja, yaruke na tope hadi nusu mita ukutani, yazame kwenye msingi na kuanzisha upya nyufa na chumvi. Gata la bati lililokunjwa na fundi wa mtaani, likamwaga kwenye pipa, linaulinda ukuta. Na kwenye pipa hilo kutakuwa na maji ya kuloweka tofali na kumwagilia lipu ya chumba kinachofuata.